Kibuyu Kilichorudi Kimejaa

Boito,
Jumapili, 9 Machi 1997

Kipruto, ndugu yangu,

Naomba radhi kwa kukaa kimya siku tisini na mbili. Nimezihesabu. Mtu aliyefundisha watoto kuandika barua kwa miaka thelathini na minne hawezi kusingizia kwamba hakujua namna ya kuanza. Nilianza mara tatu, na mara tatu nikaitia karatasi jikoni, kwa kuwa kila barua ilikuwa na uongo ndani yake.

Hii haina.

Siku ya koito ya binti yako Cherotich, wazee wa Kipkelion walipokwisha kukubaliana nawe juu ya ng'ombe wa mahari, mkeo Dorcus aliniletea kibuyu cha mursik, maziwa yetu yaliyoganda. Mimi ndiye mkubwa katika nyumba ya baba yetu. Desturi yetu inataka mkubwa wa upande wa msichana anywe kwanza, kisha ampe baba wa kijana, na hapo neno limefungwa. Nilikipokea kwa mikono miwili. Nikakirudisha kwa Dorcus kikiwa kimejaa, nikasema, "Ahsante, mimi sinywi maziwa." Nyuma yangu mtu aliuliza, "Amesema nini?" Mzee Kipkorir, baba wa kijana, alinitazama, akaitazama kofia yake, akaivaa. Gari lao liliwashwa kabla hujamaliza kuwasihi. Nami nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikatembea hadi barabarani bila kukueleza neno.

Sababu ni hii. Nina ugonjwa wa sukari. Uligunduliwa mwezi wa Oktoba katika zahanati ya shamba la chai lililo jirani nasi, nilipopeleka kidonda cha kidole cha mguu wa kushoto kilichokataa kupona tangu Agosti. Muuguzi wa pale, Sista Phelis Nyakerario, alinitoboa kidole cha mkono, akaweka tone la damu kwenye kimashine, nacho kikasema kumi na saba. Mtu mzima asiyeugua, kabla ya kula asubuhi, hazidi sita. Daktari anayekuja kila Jumatano alikitazama kidonda akaniambia bila kuzunguka kwamba sukari isipotulia kufikia mwisho wa Juni, atakata mguu.

Sikumwambia mtu ila Rebeccah, mke wangu. Ulitaka nimwambie nani? Nilikuwa mwalimu mkuu. Niliwachapa watoto kwa kulamba sukari ya shule ghalani, kisha niugue sukari mimi?

Sista Phelis alinieleza kwa mfano ninaouelewa. Alisema chakula kingine huwaka mwilini kama moto wa nyasi kavu: mkate mweupe, mandazi, soda, chai tuliyozoea yenye sukari vijiko vitatu. Moto unaruka juu, kisha unazimika, nawe unatafuta nyasi nyingine. Chakula kingine huwaka kama gogo la mkaratusi katika tanuri la kiwanda cha chai, polepole, moto uleule tangu asubuhi hadi jioni. Mimi nimechagua gogo. Asubuhi nanywa uji mwepesi wa wimbi usiotiwa sukari wala maziwa, pamoja na nusu ya avokado. Mchana ni maharagwe au ndengu, mboga nyingi za managu au saga, na ugali wa wimbi usiozidi ngumi yangu. Jioni ni maharagwe tena. Chai ni strungi isiyo na maziwa, ile ambayo sisi wenye mashamba ya chai huwanywesha watu tukiwa hatuwapendi. Nyama, maziwa na siagi nimeviaga. Nameza pia vidonge viwili kila siku, kwa maana Sista ameniambia chakula hakichukui nafasi ya dawa. Wiki iliyopita kimashine kilisema tisa, na kidonda kimeanza kufunga pembeni.

Siombi radhi kwa kutokunywa. Naomba radhi kwa kutokueleza.

Nduguyo mkubwa,
Ezra Kiplimo arap Mibei


Siongiroi,
17 Machi 1997

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mnadani katikati ya ng'ombe wa watu. Nyumbani Dorcus akanisomea tena, kwa sababu siku hizi unaandika kama mdudu chungu anatembea.

Umehesabu siku tisini na mbili. Umehesabu pia siku ambazo Cherotich hajatoka kwenda kanisani? Wasichana wa rika lake wanamwuliza, "Yule baba yako mkubwa alikuchukia kwa nini hata akakunyima mume?" Anarudi nyumbani, anapiga deki sakafu ambayo tayari ni safi.

Eti sinywi maziwa. Ulisema hivyo mbele ya wazee tisa! Mkipsigis mzima mwenye ng'ombe wanne! Hata ndama waliokuwa zizini waligeuka kukutazama. Ningekuwa na shimo ningeingia. Baba yetu alikunywa mursik kutoka kibuyu hicho hicho mpaka meno yakamwisha, akaendelea kunywa bila meno. Yeye hakujua sukari ya damu ni nini. Alijua sukari ya dukani, na hiyo pia alikuwa hanunui.

Watu hapa wanasema umekuwa Msabato, unashika Jumamosi na unakula majani. Wengine wanasema yule mama Mkisii wa zahanati amekufunga kwa mboga zake. Mimi sisemi hivyo. Mimi nauliza tu: tangu lini mtu wa Boito anaambiwa cha kula na mtu aliyekuja juzi kufanya kazi ya shamba la chai? Baada ya mapigano ya mwaka wa tisini na mbili tulipotazamana kwa mishale na hao watu, wewe unampa damu yako bure!

Na mimi pia nimeumia, kama unataka kujua. Nimekonda kwa mawazo. Suruali niliyovaa siku ya koito sasa naifunga kwa kamba ya ndama. Koo limekauka, kibuyu kizima kinaisha kabla ya saa nne asubuhi, na mnadani naongeza soda mbili, tatu. Kukojoa hakuishi. Sisimizi wamejenga mji wao pale nyuma ya choo, bado kanisa tu. Yote hiyo ni kazi yako, Mwalimu.

Sasa sikiliza. Nimekwenda Kipkelion mara mbili kumwangukia Mzee Kipkorir. Maneno yake ni haya, sikuongeza: "Baba mkubwa wa msichana hakutupatia binti. Tutarudi mara moja tu, Jumamosi tarehe 31 Mei. Kibuyu kikirudi kimejaa tena, kijana wangu atatafuta kwingine."

Njoo unywe. Ukishakunywa rudi kwa majani yako, sitakufuata.

Ni mimi,
Kipruto

Usinirudishie barua hii na wino mwekundu kama ile ya Krismasi ya mwaka juzi. Mimi nauza ng'ombe, sifanyi mtihani.


Boito,
Jumapili, 6 Aprili 1997

Kipruto,

Barua yako sikuirudisha na wino mwekundu. Nimeiweka ndani ya Biblia, na nitakueleza kwa nini. Kwanza nikupe habari za nyumba hii, usije ukadhani mambo yananiendea vizuri.

Baada ya kufika tisa, sukari yangu ilipanda tena hadi kumi na tano. Sista Phelis alinitazama kama mimi nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi waliotoka ghalani midomo inang'aa.

"Mwalimu, umekula nini?"

"Nilichoandikiwa."

"Anayepika ni nani?"

Jumamosi hiyo niliingia jikoni bila kubisha, nikamkuta Rebeccah na mkebe wa sukari juu ya sufuria ya uji wangu. Na mboga alikuwa amezimiminia malai ya maziwa, kama mama yetu alivyokuwa akizipika. Alikuwa akifanya hivyo kwa majuma mawili. Nilikuwa nimeziona tamu, nikadhani ulimi wangu umeanza kuzoea.

Nikamwambia, "Mke wangu, unaniua."

Hakuogopa. Aliuweka mwiko chini akaniambia, "Mimi nakuua? Wanawake wa kanisani wananiuliza kama ng'ombe wetu wamekufa. Pasta alipokuja ulimpa strungi kama mahabusu wa polisi. Unapungua kama sabuni mbele ya macho yangu, halafu watu waseme Rebeccah hampi mumewe chakula! Nikupe nini basi? Nikufunge kwenye mti nikupe nyasi za nepia?" Kisha akakaa juu ya kigoda akaficha uso kwa kitambaa cha kichwa. Tumeoana miaka thelathini na minane, Kipruto, na nilikuwa sijawahi kumweleza kwamba mguu utakatwa. Nilimwambia tu kwamba nimekatazwa maziwa. Sasa nilimweleza. Tangu siku hiyo huja nami zahanati kila Jumatano, na yeye ndiye anayemhoji Sista maswali mpaka Sista anaomba maji. Jumatano iliyopita kimashine kilisema kumi.

Sasa nakuja kwako.

Nimesoma maandishi ya watu maisha yangu yote. Barua yako ya mwaka juzi ina mistari ishirini na sita katika ukurasa. Hii ina kumi na mitano, na herufi zinashuka kuelekea kona kama maji yanayotafuta mtaro. Unasema mimi naandika kama chungu. Mwandiko wangu haujabadilika tangu chuo cha ualimu. Macho yako ndiyo yaliyobadilika. Umekonda, una kiu isiyoisha, unakojoa siku nzima, na sisimizi wanafuata mkojo wako. Sisimizi hawafuati mawazo, Kipruto. Wanafuata sukari.

Hayo yote yalinipata mimi, nami niliyaita uzee. Wewe unayaita kosa la ndugu yako. Nenda ukapimwe wiki hii, hapo Siongiroi au popote. Ukishindwa, njoo hapa. Zahanati iko wazi kila siku isipokuwa Jumamosi, kwa maana yule unayemwita mama Mkisii ni Msabato kweli. Mimi si Msabato. Ninachofuata ni maharagwe yake tu.

Kuhusu kibuyu, sitakunywa. Nimekatazwa maziwa, na nikisema jambo nimelisema. Nitamwandikia Mzee Kipkorir mwenyewe nimweleze kwa adabu.

Ezra Kiplimo arap Mibei


Siongiroi,
Jumapili, 4 Mei 1997

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Ni mimi Cherotich. Nakuandikia bila Baba kujua. Mama anajua, naye ndiye aliyenipa stempu.

Barua yako ilifika. Nilimsomea Baba mimi mwenyewe kwa sababu alisema miwani imepotea, na Baba hajawahi kuwa na miwani. Nilipofika mahali pa sisimizi alicheka sana. Alisema, "Mwalimu anatafuta mwenzake wa kula majani, amechoka kula peke yake." Akaichukua barua akaitia motoni. Lakini kesho yake nilimwona nyuma ya choo, ameinama, ameyashika magoti kwa mikono miwili, anatazama chini. Aliponiona alisema ameangusha shilingi.

Barua uliyompelekea Mzee Kipkorir pia ilifika. Yule kijana aliniambia tulipokutana sokoni. Baba yake aliisoma akasema, "Kiswahili kizuri sana. Lakini binti hapewi kwa barua."

Baba Mkubwa, sasa ndiyo nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Jumanne iliyopita tulikuwa jikoni tukichoma mahindi. Baba alikuwa amekaa karibu na mafiga, miguu mitupu, akinisimulia habari za fahali aliyewatoroka mnadani hadi ndani ya duka la kinyozi. Tulikuwa tunacheka. Nikasikia harufu. Nilidhani ni ganda la mahindi. Nikatazama chini, nikaona kaa la moto limelala juu ya vidole vyake viwili vya mwisho, na ngozi inatoa moshi.

Nilipiga kelele, "Baba, mguu!"

Alitazama chini polepole, kama mtu anayetazama mguu wa jirani. Hakuutoa. Mimi ndiye niliyelisukuma kaa kwa ufagio. Aliniuliza, "Limekuwa hapo tangu lini?" Hakuwa amesikia kitu chochote.

Mama alifunga kwa kitambaa. Vile vidole sasa ni vyeusi, na kuna harufu. Baba anavaa soksi mbili na buti, anakwenda mnadani kama kawaida, na akirudi anafunga mlango wa chumba. Tumemsihi aende hospitali. Mama amelia. Jana alichoka na kelele zetu akaniambia, "Mwandikie basi mwalimu wako, najua utamwandikia tu. Mwambie hivi: kibuyu kwanza, kimashine baadaye. Siku atakayokunywa mbele ya watu wa Kipkelion, siku hiyo nitatoa kidole. Asipokunywa, sipimwi. Na mimi pia nikisema jambo nimelisema."

Kwa hiyo labda si siri tena kwamba nimeandika.

Mimi sitaki kuolewa juu ya mguu wa Baba. Wakija au wasije hao wageni, nitaishi. Lakini ninyi wawili mmefungana pembe kama mafahali, na anayeoza ni Baba. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, ukiniambia nisome polepole ili nisiruke neno. Nakuomba uisome hii polepole. Zimebaki siku ishirini na saba.

Binti yako,
Cherotich


Boito,
Jumapili, 18 Mei 1997

Kipruto, mtoto wa mama,

Barua ya Cherotich niliisoma polepole, kama alivyoniomba. Asubuhi yake nilikwenda zahanati kabla mlango haujafunguliwa, nikamngoja Sista Phelis juu ya jiwe pamoja na wachuma chai waliokuwa na homa. Nilimweleza habari za vidole vyako na kaa la moto. Uso wake ulibadilika. Alisema usingoje tarehe yoyote, uende leo. Nikamweleza sharti lako. Kisha nikamweleza juu ya kibuyu cha Desemba, jambo ambalo nilikuwa sijamwambia.

Aliuliza, "Ulikataa funda moja?"

"Ulinikataza maziwa."

"Mwalimu, ulikuwa unakunywa vibuyu viwili kwa siku na chai tamu vikombe sita. Hayo ndiyo niliyokuambia uache. Nani alikuambia kuhusu funda moja la heshima, mara moja kwa mwaka, mbele ya wakwe?"

"Hukusema kwamba funda linaruhusiwa."

"Wewe uliniuliza?"

Sikuwa nimemwuliza. Alicheka, Kipruto, alicheka mpaka akashika meza, kisha aliponiona uso wangu akaacha. Akasema kwamba mgonjwa kama mimi ni rahisi kumtibu na ni vigumu kuishi naye. Rebeccah, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema "Amina" kwa sauti kubwa.

Naandika sasa jambo ambalo sijawahi kuliandikia mtu. Hakuna aliyenikataza lile funda. Nililikataza mimi. Niliogopa. Nilidhani nikikaribia ule mdomo wa kibuyu, nikanusa ule mkaa wa mti wa senetwet ambao mama alikuwa akiusugulia ndani yake, sitaweza kukitua. Nilijua sina nguvu ya kunywa funda moja, nikasingizia sheria. Na nilipokwisha kusema "sinywi" mbele ya watu, ikawa vigumu zaidi kurudi nyuma kuliko kumpoteza mkwe. Nimewafukuza watoto shuleni kwa ukaidi mdogo kuliko huo.

Basi nitakuja. Jumamosi tarehe 31 nitakuwa kwako kabla ya saa nne, pamoja na Rebeccah. Nitakunywa funda moja. Sista Phelis pia atakuja. Nilimwambia kwamba ni Sabato yake. Akasema kumtazama mgonjwa hakujakatazwa, na kwamba yeye, tofauti na watu fulani, aliuliza kwanza. Atakaa pamoja nasi na atakula tutakachokula, isipokuwa nyama. Utampa kiti chenye mgongo. Mwaka ule wa tisini na mbili, wenzake walipohama, alibaki akiwafunga vidonda watu wetu waliopigwa mishale na watu wake. Hilo nililijua siku zote, nami sikukuambia. Ni kosa jingine langu.

Kimashine kitakuwa mezani, kando ya kibuyu. Nikishakunywa utatoa kidole, mbele ya watu walewale. Ukikataa nitasimama nimweleze Mzee Kipkorir kwamba nyumba hii ina wanaume wawili waoga, nami nitataja majina.

Lakini kama una akili iliyobaki, usingoje siku kumi na tatu. Nenda kesho.

Nduguyo,
Ezra Kiplimo


Kericho, wodi ya wanaume,
Jumapili, 15 Juni 1997

Mwalimu, ndugu yangu mkubwa,

Herufi hizi ni zangu. Cherotich alitaka kuniandikia, nimemkataza. Nimechukua asubuhi nzima kufika mstari huu, na mzee wa kitanda cha pili ananiuliza kama natunga katiba.

Sikwenda kesho yake. Unanijua. Nilikungoja.

Siku ile hatukuzungumza vizuri, kulikuwa na watu. Kwa hiyo nikuambie sasa nilichokiona. Ulipokishika kile kibuyu ulikinusa mdomo kwanza, taratibu, kama ndama anayemnusa mama yake. Ulikunywa funda moja. Ukafumba macho. Nikasema moyoni, huyu sasa atakimaliza chote. Ukakitoa mdomoni ukampa Kipkorir. Mimi nilijua tu kwamba mtu aliyeacha kitu hakipendi tena. Sikujua kwamba mtu anaweza kukiacha huku anakipenda namna ile. Hapo ndipo nilipotoa kidole. Si kwa sababu ya sharti.

Na kile kimashine chako! Wewe ulipata namba zako nzuri za kusoma, kumi na saba, kumi na tano. Mimi hakikunipa hata namba. Kiliandika herufi mbili tu za Kizungu. Kipkorir akauliza, "Kimesema nini?" Yule Sista akasema, "Kimesema ni juu kuliko kinavyoweza kuhesabu." Akavua soksi zangu yeye mwenyewe, mbele ya wageni, akiwa amepiga magoti, katika siku yake takatifu. Nilimwita mama Mkisii katika barua. Tafadhali usimwonyeshe hiyo barua.

Kipkorir ndiye aliyenileta hapa kwa gari lile lile walilokuja nalo. Alisema mkwe hatembei na mguu kama huo. Harusi wameiweka Agosti.

Hapa nachomwa sindano asubuhi na jioni. Chakula cha hospitali ni kabeji na ugali mweupe, kwa hiyo Dorcus analeta chakula chake: ndengu, managu bila maziwa, ugali wa wimbi kiasi cha ngumi. Amepima kwa ngumi yake, Mwalimu, siyo yangu. Nimelalamika. Mzee wa kitanda cha pili anakula mandazi mbele yangu kwa makusudi, anapulizia mvuke wa chai upande wangu. Lakini kiu imeondoka. Leo nimeamka kukojoa mara moja tu. Kimashine cha hapa sasa kinanipa namba: jana kumi na moja, leo kumi. Sista alipita juzi akaniambia cha kwako kimesema saba, na kidonda chako kimefunga, na daktari wako ameweka msumeno wake mbali. Nilifurahi. Nilikasirika kidogo pia, kwamba umenishinda tena.

Sasa habari yenyewe. Daktari anasema sukari itatulia, lakini vile vidole viwili havitarudi. Vimekufa. Chakula hakifufui, sindano haifufui. Anasema vikikatwa sasa, mguu utabaki. Vikiachwa, weusi utapanda, na baadaye atakata pale ambapo wewe ulikuwa ukatwe. Ameniletea karatasi ya kutia sahihi. Amenipa hadi Ijumaa.

Utasema hilo si swali. Kwako si swali. Mimi ninaingia zizini katikati ya ng'ombe wanaosukumana, ninamgeuza fahali kwa bega na mguu wa nyuma. Wanunuzi wakiona nachechemea watajua nimechoka, na bei yangu itashuka kabla sijafungua mdomo. Miaka thelathini sijafanya kazi nyingine. Dorcus analia. Cherotich halii, anaitazama tu ile karatasi, na hiyo ni mbaya zaidi.

Nimemtuma amwulize fundi viatu wa Siongiroi kama anaweza kujaza pamba sehemu ya mbele ya buti la mguu wa kulia. Fundi amesema anaweza, tena amesema ameshawafanyia wawili mnadani pale, na mimi siwajui ni nani, ingawa nawaona kila wiki. Usishangilie. Hilo si uamuzi. Ni swali nililouliza, kama Sista anavyotufundisha.

Karatasi iko hapa chini ya sahani ya ndengu, na kalamu iko juu ya mto. Sitaki uje kunihimiza. Ukija, nitakataa kwa ajili yako tu, na sote wawili tunajua hivyo ndivyo tulivyo. Wewe ulichukua siku tisini na mbili kuniandikia. Mimi nimepewa tano. Nikishaamua nitakuandikia mwenyewe, na ukiona herufi zimekuwa kubwa, ujue ni macho tu, si woga.

Mdogo wako,
Kipruto arap Mibei